Vidole vya Mkono wa Kulia

Baba Neema,

Huku Ifakara mvua haikatiki, na mdogo wangu ananilisha wali na perege kama mwanamke aliyejifungua jana.

Daktari amenipa njia mbili. Nivae kola ya shingo, nifanye mazoezi na tungoje. Au anipasue, aondoe kinachobana mishipa inayokuja mkononi. Upasuaji una hatari zake, na baada ya hapo kichwani sibebi tena ndoo wala mpunga. Nikamwambia ngoja kwanza nifikirie. Nani atachota maji?

Nje, kwenye benchi, nikakaa na mama mmoja wa Sanje aliyepasuliwa mwaka jana. Akafungua kanga, akanionyesha kovu shingoni. “Gusa tu, haliumi.” Nikaweka vidole vya kulia. Sikuhisi kitu, Baba Neema, kama nimegusa hewa. Nikaweka vya kushoto, nikalihisi lote, laini, na koo lake likichezacheza kwa kicheko.

“Na maji anachota nani?”

“Mume wangu! Siku ya kwanza ngata ilimkaa upande kichwani, akalowa mpaka viatu. Majirani wote walitoka kutazama.”

Nikarudi kwa daktari, nikasema nipasue. Upasuaji ni Alhamisi.

Ngata yangu iko nyuma ya mlango. Anza kujizoeza, na uanze na ndoo ndogo.

Mwambie mama shikamoo. Nikirudi nitakupapasa shavu kwa mkono wa kulia, nijue kama umenyoa.

Mama Neema