Jina la Bibi Yake Mama

Hallonbergen, Stockholm

Kaka yangu mpenzi Jabari,

Salamu nyingi zikufikie hapo Pangani, wewe, wifi Tatu na watoto. Natumaini homa iliyokushika mwezi uliopita imekuacha kabisa. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua kwa baridi, ila moyo wake mwepesi kuliko nilivyowahi kuuona. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Kwa simu ningelia tu.

Jumamosi binti yangu Nora aliposwa. Kijana anaitwa Amir, muuguzi katika hospitali ya Flemingsberg, wazazi wake ni watu wa Mombasa. Alikuja na baba yake na ami yake, mzee mpole ila mwenye maswali. Tulipomaliza kula, huyo mzee akauliza kwa adabu sisi hasa ni watu gani. Unalijua jibu la Mama. Tangu tukiwa wadogo alisema mashamba ya miwa kando ya mto yalikuwa ya babu zetu. Nilikuwa nimeshika birika, nikisubiri maneno yale yale.

Mama aliisogeza sahani yake kando. Kisha akasema, "Shamba halikuwa letu. Sisi ndio tulikuwa wa shamba."

Akaeleza kwamba bibi yake, yule aliyemlea, alitekwa upande wa Ziwa Nyasa akiwa hajamaliza kung'oka meno ya utoto, akauzwa pwani kwa mwenye shamba. Kutwa alibeba miwa kichwani kupeleka kinuni. Alipopata nguvu wakamweka kwenye masufuria ya kupikia sukari guru, na mikono yake ilibaki na makovu ya shira ya moto mpaka anakufa. Asiyemaliza sehemu yake alichapwa mbele ya wenzake. Walivaa kaniki, hawakuruhusiwa viatu, na wanawake hawakuruhusiwa kujifunika kichwa. Walipopewa siku za kujifanyia kazi zao wenyewe walilima mihogo, maana chakula cha bwana hakikutosha. Jioni ya siku hizo walicheza ngoma na kuitana kwa majina ya kwao. Mchana waliitwa majina ya kupewa. Bibi aliitwa Faida.

Nora akamshika Mama mkono, akamwambia kwa Kiswidi asiendelee kama inamuumiza. Mama akamjibu kwa Kiswahili kuwa kilichomuumiza ni kuficha. Mimi niliogopa, kwa sababu tumeona posa zikivunjika kwa maneno madogo kuliko hayo. Yule ami aliweka kikombe chini, akauliza jina la kwao la huyo bibi lilikuwa nani.

"Nambewe," Mama akasema.

Mzee akainua mikono, akamwombea dua kwa jina hilo, sote tukaitikia amina. Halafu akauliza kama mwezi wa saba, watu wakiwa likizo, unatufaa kwa harusi. Kaka, nilikimbilia jikoni nikacheka na machozi yananitoka.

Sasa lililobaki ni lako. Wageni walipoondoka Mama aliniita. Unakumbuka alivyokukatalia kumwoa Tatu, akisema hachanganyi damu na vizazi vya watumwa, nawe ukamwoa hivyo hivyo, na tangu hapo hajataka hata kuisikia sauti yake. Ameniambia kwamba Nambewe na bibi yake mama wa Tatu walipika sukari kwenye jiko moja na walilala kibanda kimoja. Kwao Tatu habari zetu zilijulikana zote. Mama hakumkataa kwa ajili ya ukoo wake; alimwogopa kwa kuwa anaujua wetu. Alingoja siku ambayo Tatu angetuumbua, na siku hiyo haikufika. Ikiwa wifi alijua miaka yote hii, basi alitustiri sisi tuliomtukana.

Mama anaomba azungumze naye, lakini hataki kupiga simu ghafla. Muulize kwanza. Akisema bado, Mama atasubiri, na hatalalamika.

Nora anakusalimu, anasema bila mjomba harusi haianzi. Wabusu watoto. Mama amesimama nyuma yangu akisoma, na ameniamuru nimalize kwa maneno yake mwenyewe: unisalimie mkwe wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanakombo