Sweta la Mkono Mmoja

Jumatatu, 1 Julai 1991
Njombe. Nimemaliza mgongo wa sweta la mke wa mwinjilisti. Shingo bado. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, maji ya ndoo yameganda juu. Vidole vilikataa sindano mpaka nilipoota moto. Mama kashinda jikoni akimenya viazi na kulalamikia magoti.

Kondakta wa basi la Makambako kaniletea barua ya mdogo wangu, Dorika. Miaka minne bila neno. Mistari mitatu tu: anaomba nimfumie sweta zito, la shingo ndefu. Mume wake anauza masweta ya mitumba, marobota kwa marobota, halafu mimi ndiye nimfumie. Nimeona ni kejeli. Nimeichoma barua kabla mama hajaiona.

Jumamosi, 6 Julai
Sokoni. Kofia mbili za watoto, basi. Watu wanashika masweta yangu, wanayasifu, wanakwenda kuchagua kwenye mitumba. Siwalaumu. Baridi haimngoji mtu afume.

Nina hasira na Dorika, na si kwa ajili ya mitumba. Tulifundishwa kufuma na mke wa mchungaji, benchi moja, yeye mwepesi kuliko mimi. Kisha akaolewa na Hamisi, mtu wa Pwani. Akasilimu, akaitwa Zubeda. Mama akasema hana tena binti Makambako. Mimi nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa kukubali.

Jumatano, 10 Julai
Kondakta kauliza jibu la barua. Nikamwambia sina. Akanitazama kidogo.

"Dada, yule mdogo wako anaumwa. Tangu Pasaka hatoki ndani."

Nimeona haya. Nimeanza sweta leo hii, kwa uzi wa bluu niliouweka kwa ajili yangu. Vipimo nimevitoa kichwani: mabega mapana, kifua kilichojaa. Mama kauliza ni la nani. Nikasema la mteja.

Jumapili, 14 Julai
Sikwenda kanisani. Nimefuma. Mkono wa pili umeisha saa kumi.

Jumatatu, 15 Julai
Makambako. Mama nilimwambia ukweli asubuhi, mfuko mkononi, nikiwa tayari mlangoni. Akaendelea kupepeta maharage.

Upepo na vumbi. Nyumba iko nyuma ya stesheni. Hamisi kanipokea kwa shikamoo, kanibebea mfuko. Nilikuja nimejiandaa kumchukia. Ndiye anayemwogesha mke wake, ndiye anayemlisha uji.

Dorika amekwisha. Sijui kuandika vinginevyo. Majirani wanasemea pembeni kwamba ni ule ugonjwa. Nimemvika sweta, likammeza. Mabega yameangukia kwenye viwiko. Akacheka, kikohozi kikamkatisha. Masweta ya Hamisi yamejaa chumba cha pili lakini hawezi kuyavaa, harufu ya dawa ya wadudu inayowekwa kwenye robota inamkohoza. Ndiyo maana aliandika. Hakuwa na kejeli yoyote.

Nimemwambia niliichoma barua. Kasema, "Ningekuwa wewe ningeichoma pia."

Haikunisaidia.

Jumanne, 16 Julai
Nimelifumua lote. Yeye ameegemea mito, anavingirisha uzi, anapumzika, anavingirisha tena. Nimempima kwa kamba safari hii. Nimeanza upya, vitanzi vichache, karibu kama vya mtoto wa shule. Akaona nimekosea mstari, akanirudisha. Jicho lake halijapungua.

Tumekaa hivyo hadi alasiri. Sikumbuki siku nyingine ya karibuni niliyofurahi. Inaniudhi kwamba ni hii.

Alhamisi, 18 Julai
Mgongo na kifua tayari. Mkono wa kulia tayari. Homa imempanda. Hali kitu.

Hamisi alipotoka kwenda kuswali, Dorika akanishika kidole.

"Mama na baba mdogo watakuja kunigombania. Mimi nizikwe hapa, Kiislamu. Nilisilimu kwa moyo wangu, dada, si kwa ajili ya mume. Hamisi akisema hawatamwamini. Sema wewe."

Nikamwambia asiongee mambo ya kuzikwa. Akaningoja tu. Mwishowe nikasema sawa. Niliposema sawa niliogopa sana, na niliyemwogopa ni mama.

Ijumaa, 19 Julai
Anasikia baridi, hataki kungoja. Kalivaa hivyo hivyo, mkono wa kushoto haupo. Nimemfunika mkono wake kwa khanga na kuendelea kufuma ule wa sweta pembeni ya kitanda.

Jumamosi, 20 Julai
Amefariki alfajiri. Nilikuwa nimemshika.

Habari ilikwenda Njombe na basi la kwanza. Saa sita mama na baba mdogo wakafika na pikapu ya kukodi na jeneza. Hamisi akampa mama shikamoo. Haikuitikiwa. Baba mdogo akasema wamekuja kumchukua mtoto wao, Dorika, aliyebatizwa. Wanaume wa msikitini wakasimama mlangoni. Sauti zikapanda. Shehe akauliza kama marehemu aliacha wasia. Hamisi akafungua mdomo, baba mdogo akamwambia anyamaze.

Nikasimama.

"Mama, mimi aliniambia mwenyewe. Azikwe hapa. Alisema alisilimu kwa moyo wake."

Mama akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Hakulia. Akakaza kitenge kiunoni, akarudi kwenye pikapu. Baba mdogo akaniambia, "Umemtoa mdogo wako kwa watu baki." Wakaondoka na jeneza tupu. Lilikuwa likigonga bodi kwenye kila shimo, nikalisikia mpaka barabara kuu.

Wanawake waliomwosha walinirudishia sweta limekunjwa. Sanda haina sweta. Nikampa Hamisi. Kinamama hatukwenda makaburini. Wanaume wamerudi jua likielekea kuzama, udongo kwenye viatu.

Jumanne, 23 Julai
Nimerudi Njombe. Nimesema hodi nyumbani kwetu kama mgeni. Mama ndani, kimya. Nimepika, nimempelekea. Sahani imerudi kama ilivyokwenda.

Ijumaa, 26 Julai
Bado haongei nami. Kanisani wananipa mkono kwa ncha za vidole. Mke wa mwinjilisti kamtuma mtu kusema sweta lake halihitaji tena.

Sijuti. Nimeandika hivyo ili nione kama ni kweli. Saa nyingine ni kweli.

Jumatatu, 29 Julai
Ukungu mchana kutwa. Nilikuwa barazani nachambua mboga. Mama akatoka na kigoda, akakaa, si karibu sana. Akatazama barabarani.

Kisha akauliza walimlazaje kaburini.

Nikamwambia kama Hamisi alivyonieleza: ubavu wa kulia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ndivyo alivyokuwa akilala," akasema. "Tangu mchanga."

Akasogeza kigoda, akachukua fungu la mboga, akaanza kuchambua.