Friji Iliyofungwa Utepe

Jiddah,
Ijumaa, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Fatuma,

Shikamoo dada. Kabla ya lolote, niarifu hali ya mama. Miguu yake bado yavimba? Na kifua chako je? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Roho ndiyo mgonjwa, na aliyeitia ugonjwa ni wewe, kwa hivyo barua hii isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Barua yako na picha ya harusi ya Mwanaidi nimezipata. Niliingia jikoni nikafunga mlango ndipo nikaitazama. Mwanangu niliyemwacha ana miaka kumi na miwili, harusi yake nimeiona kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja. Kapendeza, mashallah. Ila macho yangu yalikuwa yakitafuta cherehani niliyomtumia, na sikuiona. Niliona friji nyeupe, maua ya plastiki juu yake, na waya wake umeviringwa ukafungwa utepe mwekundu. Dada, mliufunga utepe kwa kuwa hapakuwa na pa kuuchomeka. Nyumba ya mkwe wetu iko Ganda, na huko umeme wanausikia tu.

Ndipo nikasoma maneno yako. Kwamba kabla ya siku ya kuonyesha vyombo, wanawake wa mtaa wa Shella walikuja kuchungulia, na mmoja akacheka, "Miaka saba yuko Arabuni, kisha amletea mwanawe charahani? Aoza mwari ama aoza fundi?" Kwamba ulishikwa na haya, ukaichukua cherehani pamoja na herini zako za dhahabu, ukampa yule muuza vitu vya Wazungu wanaohama, naye akakupa friji. Kisha ukaniandikia, "Tusimwambie mtoto kama ilikuja, asije akasononeka." Herini zile najua alikupa marehemu shemeji. Kwa hivyo sisemi kwamba humpendi Mwanaidi. Nasema uliwaogopa waliokuja kuchungulia kuliko ulivyomwonea huruma yeye.

Wajua nilivyoichagua cherehani ile? Ijumaa nne nilizunguka madukani, na Ijumaa ndiyo siku yangu ya pekee ya kunyoosha mgongo. Mwenye duka alinisukumia ya umeme, ya plastiki, ina hata taa ndogo. "Hii ya miguu ni ya kizamani, mama," akasema. Nikamwambia hata mimi ni wa kizamani, na bado nafanya kazi. Nililizungusha gurudumu kwa mkono, nikaisikiliza. Nikakunja pembe ya leso yangu mara nne nikaipitisha chini ya sindano, wala haikukwama. Ndipo nikaichukua, chuma kitupu. Ndani ya kasha nikatia ukanda wa akiba, sindano, na chupa ya mafuta, maana chumvi ya pwani yetu naijua inavyokula chuma. Nikatia na pasi ya makaa. Hiyo nayo imekwenda wapi? Hukuniandikia.

Umesahau, dada? Nilipopewa talaka nikarudi nyumbani na Mwanaidi mgongoni, ni nani aliyetulisha? Ni cherehani ya mama. Mimi nikikanyaga, wewe ukitia vifungo, tukashona sare za shule za mtaa mzima, na hakuna aliyetucheka. Ndiyo hiyo tuliyoiuza nipate kusafiri. Siku ilipochukuliwa Mwanaidi aliilia kuliko alivyonililia mimi, nikamwapia kwamba ataolewa akiwa na cherehani yake mwenyewe.

Wiki ile ile ya barua yako nilipata na ya kwake. Mumewe kasimamishwa kazi hotelini, kama ilivyo kila mwaka mvua zikianza na Wazungu wakiondoka. Nguo zake za harusi alizihifadhi ndani ya friji, zikaota ukungu. Sasa atia unga, asema panya hawaingii. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mikono ya mshonaji anayo, nilimfundisha mwenyewe, na amekaa nayo bure mapajani. Hayo yote ningeyameza. Lakini mwisho wa barua kaandika hivi: "Mama, kuhusu ile cherehani sikulaumu. Najua huko kazi ni nyingi na mtu husahau." Nimelia, dada, na nilikuwa nikikuna nazi, bibi ninayemfanyia kazi akadhani nimejikata.

Mkataba wangu ulikuwa waisha Shaabani. Sanduku nilishalitoa chini ya kitanda, Ramadhani niifunge nyumbani na mama. Jana nimemwambia bibi nabaki miaka miwili mingine, ili ninunue cherehani nyingine. Alifurahi sana, akanipa chupa ya manukato. Kasha litakuja kwa jina la Mwanaidi na atakayelifungua ni yeye. Mama asiambiwe sababu ya mimi kuchelewa. Kama nitamkuta, Mungu ndiye ajuaye.

Nibusie mama mikono yote miwili. Mjomba aliyesimama kumwozesha mwanangu mpe shikamoo yangu na shukrani. Mkwe wetu mwambie asione haya, kazi ya hoteli huenda ikarudi. Na wale wa Shella wasalimie pia, uwaambie friji yaweka unga vizuri sana.

Wewe nakuomba jambo moja. Nenda Ganda kwa miguu yako, usitume mtu. Msamaha sikudai, na herini zako nitakutafutia nyingine nikijaliwa. Kaa kitako mbele ya friji ile, umtazame mwanangu machoni, umwambie cherehani yake ilifika.

Ni mimi mdogo wako,
Zena