Sauti ya Baba Kwenye Deki

Jumanne, 4 Machi

Kaka amefika na kompyuta ya Baba. Miezi minane alikaa nayo kwake, tangu tuliporudi makaburini. Kaibeba kwapani kama mtu aliyebeba mayai. Nikataka kumpokea. Akasema acha, nzito. Nzito! Mimi niliyekuwa nambeba Baba mzima kumtoa kitandani kumpeleka kwenye kiti!

Ndani ya hiyo kompyuta kuna sauti ya Baba akisema nyumba ni ya nani. Kaka alishatuandikia maneno yenyewe: "Nyumba hii nampa mwanangu wa kiume." Basi. Mimi sitajwi. Miaka miwili niliacha kazi duka la miwani nikae naye, na sitajwi hata kwa kuaga.

Sisemi Kaka mwongo. Nasema nataka kusikia kwa masikio yangu.

Jumapili Baba Mdogo anakuja kuwa shahidi.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Kaka asubuhi, tuisikilize basi, mimi na wewe tu. Akasema spika za kompyuta zilikufa siku Baba alipomwagia chai. Kweli, hiyo naikumbuka. Nikasema tumia hedifoni. Tundu la hedifoni limelegea. Limelegea lini? Juzi. Yeye mwenyewe alisikilizaje? Kabla ya juzi!

Nikasema nihamishie kwenye simu. Hapo akakunja uso. Sauti ya marehemu haisambazwi kwenye masimu, ati ni utovu wa adabu.

Mtu mmoja, sababu tatu. Mimi kazi yangu kukata vioo vya miwani. Kikipinda nusu milimita, mteja anaumwa kichwa na mimi najua kwa nini. Hapa kuna kitu kimepinda.

Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Maneno yapo kwenye karatasi," kasema, "mnataka nini tena?" Maskini, bado inamuuma. Nimeacha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita kwa Fundi Redio nikitoka kazini (siku hizi nusu siku, mpaka tajiri wangu atakaponiamini tena). Nimemweleza: kompyuta bubu, lakini sebuleni kuna deki ya diski yenye spika tano, tena mbili kubwa kama makabati. Sauti haiwezi kuhamia huko?

Akacheka. "Dada, hiyo kazi ya waya mmoja." Akanionyesha waya wa HDMI, bapa mdomoni, kama ulimi wa kinyonga. Upande mmoja kompyuta, upande wa pili deki. Ila niangalie deki ina matundu mangapi. Nyingi zina moja tu, la kutolea picha kwenda kwenye TV, na hilo halipokei kitu hata uliombe. Likiwepo la pili, limeandikwa IN, nimepona.

Nimekimbia nyumbani. Nimeivuta deki ukutani, vumbi la mwaka mzima. Yapo mawili! OUT lina waya wa TV. IN tupu, safi, halijaguswa.

Kaka akaniona nimepiga magoti. Hakuuliza natafuta nini. Mtu asiyeuliza anajua.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kajitolea mwenyewe. "Tujaribu huo waya wako, usije ukasema nakuficha." Kachomoa waya wa TV kwenye OUT, kachomeka wa kompyuta hapohapo. Kimya. Kabonyezabonyeza rimoti. Kimya. "Unaona? Haikubali. Hii deki ya zamani."

Nikamwambia lile la pembeni je? Akasema ndiyo yaleyale. Mtu aliyefunga kamera za ulinzi kwenye maghala miaka sita — hajui IN na OUT! Nimejifanya mjinga.

Jioni nikampigia Fundi. "Mmegonga mlango wa kutokea mkitaka kuingia," kasema. Akanipa hatua zote, nimeziandika nyuma ya risiti. Waya kwenye IN. Rimoti ya deki, badilisha chanzo mpaka kioo kiandike HDMI. Halafu kwenye kompyuta yenyewe, pale kwenye alama ya spika, uichague deki, maana bila hivyo kompyuta itaendelea kupeleka sauti kwenye spika zake zilizokufa.

Nimezirudia kichwani mara kumi. Asiyekuwepo na lake halipo. Siku Baba anarekodi, mimi nilikuwa duka la dawa. Mama anasema yeye alikuwa jikoni, Baba alijifungia peke yake. Kwa hiyo nani anajua kama Kaka hajakata kipande? Kukata sauti siku hizi ni kama kukata kucha.

Jumamosi, 8 Machi

Kaka kaenda kwa kinyozi saa nne. Nimefungua kompyuta. Inataka pasiwedi. Nimejaribu mwaka wa kuzaliwa Baba, jina la Mama, jina la paka wetu wa zamani. Imenigomea.

Ilikuwa na pasiwedi Baba alipokuwa hai? Hapana! Baba alikuwa anasema mwenye siri anunue sanduku.

Nimegeuka — Mama kasimama mlangoni na taulo mkononi. Sijui kasimama tangu lini. Hakunigombeza. Kasema tu, "Waache wafu wapumzike, mwanangu." Kaegemea fremu ya mlango. Presha hiyo. Nikamwambia akalale kidogo.

Kaka anamtesa Mama na haya mambo yake. Kesho yataisha.

Jumapili, 9 Machi. Saa kumi jioni, chumbani.

Niandike haraka.

Baba Mdogo kafika saa nane. Kaka kamsomea karatasi. Baba Mdogo kasema vizuri, sasa tumsikie mwenyewe. Kaka: haiwezekani, deki haikubali. Nikasimama. Nikasema inakubali.

Nimechomeka mwenyewe. IN. Rimoti — HDMI ikatokea kwenye kioo. Nikamwambia Kaka aweke pasiwedi. Akamtazama Mama. Si mimi, si Baba Mdogo. Mama! Mama akatazama sakafu. Kaka akaiweka.

Nikabonyeza alama ya spika, nikaichagua deki. Spika kubwa zikavuma kidogo, kama mtu anayevuta pumzi.

Halafu Baba. Sebule nzima ikajaa Baba. Kikohozi chake kile. "Mimi nikiwa na akili zangu timamu... nyumba hii..." Kimya. Nikasema moyoni, hapo! Hapo ndipo alipokata!

Hakukata. Kulikuwa na mnong'ono. Spika tano, hakuna pa kujificha.

"Sema ni ya kijana. Akipewa, atarudi nyumbani. Huyu wa kike yupo tu, haendi popote."

Baba: "Na binti yangu?"

"We sema, mume wangu."

Pumzi ndefu. "Nyumba hii nampa mwanangu wa kiume."

Baba Mdogo kasema rudisha nyuma. Mama kasema zimeni hicho kitu. Hakuna aliyezima. Ikarudia yenyewe toka mwanzo, kikohozi na vyote. Nikatoka.

Kaka kanifuata mpaka mlangoni. Yupo nje sasa hivi, anaongea na ubao wa mlango. Sikutaka usikie, anasema. Nilisikia mara moja kwa hedifoni nikavunja tundu kwa mikono yangu. Nyumba siitaki, njoo tumalize.

Siitaki! Lakini karatasi aliisoma mpaka mwisho, bila kukohoa. Alinilinda, au alijilinda? Alimlinda Mama? Mambo matatu yote yanaingia tundu moja, na mimi sina wa kumpigia anieleze.

Namkumbuka Baba tu. "Na binti yangu?" Aliniulizia. Kumbe aliniulizia.

Kaka kaondoka mlangoni. Hizi ninazosikia sasa ni kandambili za Mama. Anasema chai imepoa. Anasema nitoke nijaze tumbo, sijala toka asubuhi. Lile jambo hajaligusa.

Nimefungua kabati. Begi lipo juu, nimelishusha. Sweta mbili. Vyeti vyangu vya kazi. Tajiri wa duka la miwani ana tawi mji wa pili, aliwahi kuniuliza nikamwambia siwezi, nina mgonjwa.

"Unatafuta nini humo?" Mama anauliza.

Nafunga zipu ya begi. Anashika kitasa —