Soksi, Siku Uliyotikisa Mkia

Mwaka umetimia, Soksi, tangu jioni ile ulipotuacha ukiwa na miezi mitatu tu, ndani ya boksi la vitambaa pembeni ya cherehani ya Mama. Wapo watakaosema mbwa hatolewi kumbukumbu. Waseme. Mama ametaka iandikwe kwa sababu ya jambo lililoingia humu nyumbani wiki hii, na moyo wake haujatulia.

Miguu yako mitatu ilikuwa myeupe. "Soksi ya nne imepotelea kwenye kufua," Bibi alikutania, na jina likakuganda. Baba akirudi asubuhi kutoka lindoni ulimbwekea mpaka avue kofia. "Huyu ndiye mlinzi," alisema, "mimi navaa sare tu."

Ulianza kwa kukataa chakula. Tukasema unadeka. Kesho yake ukatapika povu la njano, kisha ukaharisha damu, na harufu yake mpaka leo Mama akiikumbuka huacha kushona. Daktari wa mifugo akasema ni virusi vinavyoshambulia utumbo wa watoto wa mbwa, akauliza kadi ya chanjo. Hatukuwa nayo. Tulikuwa tunangoja ukue kidogo.

Siku tatu ulikuwa kwenye dripu. Siku ya nne ukainua kichwa. Kutapika kulikoma, ufizi uliokuwa mweupe ukaanza kurudia wekundu wake, ukalamba maji, ukatikisa mkia. Tulishangilia nyumba nzima. Daktari hakucheka.

"Mama, mkia usikudanganye. Dalili ni njema, lakini utumbo bado ni kidonda. Uji mwepesi, vijiko viwili kila baada ya saa mbili. Basi."

"Vijiko viwili!" Bibi akaguna. "Hata sisimizi hashibi."

Mama alikaa kumalizia sare za shule. Hakuna aliyemwambia mwenzake, lakini kila mmoja alipita pale kwenye boksi. Bibi na kisahani cha maziwa. Dada yako wa darasa la pili na mkate. Baba na kipande cha maini. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, na ni kidogo tu. Mama naye, vijiko vyake havikuwa viwili. Ulikula vyote ukitutazama usoni.

Saa tisa alasiri ulitapika. Saa kumi na moja mwili wako ulikuwa wa baridi.

"Mlimpa nini?" Mama aliuliza. Mmoja baada ya mwingine tukataja: maziwa, mkate, maini.

Mnaosoma, wachanjeni watoto wa mbwa mapema. Wakiugua, wakaanza kupata nafuu, mlishaji awe mtu mmoja, na amsikilize daktari. Na msidhani ugonjwa huu unazikwa na mgonjwa. Tuliambiwa waziwazi kwamba hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na tusilete mwingine kabla hajachanjwa.

Siku sita zilizopita Baba aliingia na mtoto wa mbwa ndani ya koti, zawadi ya mwenzake wa kazini. "Mwaka si umepita?" alisema. Chanjo tukapanga iwe Jumamosi. Kabla Mama hajainuka kwenye cherehani, yule mdogo alikuwa uani, anachimba pale pale ulipokuwa ukijisaidia.

Wanaokukumbuka ni Mama, Baba, Bibi na dada yako. Yupo pia huyu mgeni ambaye bado hatujampa jina. Asubuhi hii amenusa chakula chake, akageuka, akajilaza ukutani. Daktari yuko njiani.

Soksi, humu ndani hutasahaulika.