Jina la Denyse Hewani

Gisenyi, Jumatano

Dada Uwamariya,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na shemeji ameshavuna maharage? Mimi na watoto hatujambo, ni mafua tu, maana mvua haijakatika juma zima.

Uliniuliza kwa simu kwa nini siku hizi husikii sauti yangu kwenye kipindi cha michezo. Nilikujibu kwamba niko likizo. Si kweli. Nimesimamishwa mwezi mmoja, na afadhali ulisikie hilo kwangu.

Kuna mama mmoja wa Rubona, Denyse, muuza samaki. Akishamaliza kuuza sambaza zake, wale dagaa wa ziwani, asubuhi hupitia uwanjani kutazama timu yetu ikifanya mazoezi, kisha huandika aliyoyaona katika kundi la Watsapu la mashabiki analolisimamia. Nani anachechemea, nani kagombana na kocha, yote anayo. Kwa miezi minane nimekuwa nikiyasoma maandishi yake hewani na kusema, "Kwa taarifa tulizozipata." Jina lake sikulitaja hata mara moja. Wasikilizaji walinisifu kwamba nina masikio marefu, nami nikapokea.

Mwezi uliopita nilitangaza kwamba kipa wetu, Gwiza, haumwi kidole kama inavyosemwa, bali anajificha kwa kuwa anazungumza na timu ya Goma. Mashabiki walimzomea mpaka nyumbani kwao Rugerero. Kocha akapiga simu studio tukiwa hewani, akataka kujua nani kasema hayo. Nikajibu papo hapo: "Ni Denyse, yule anayeuza samaki Rubona."

Kesho yake Denyse alizuiwa kuingia uwanjani, na wauzaji wenzake wakamwita mchonganishi. Nilimfuata mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kumpa pole. Aliendelea kupanga samaki bila kuniangalia, halafu akasema, "Kumbe jina yangu uliijua."

Nikaondoka.

Dada, sasa nikuambie ambalo sikuthubutu kumwambia hata yeye siku ile. Denyse aliandika kwamba Gwiza ameumia kidole, basi. Habari ya Goma niliitunga mimi. Siku hiyo hakukuwa na jipya, na nilikuwa na dakika kumi za kujaza.

Wiki mbili zilizopita niliyasema yote hewani, kwa jina lake na langu. Mkurugenzi alinitoa studio kabla kipindi hakijaisha. Gwiza amerudi golini. Denyse naye ameruhusiwa uwanjani. Juzi nilimkuta amekaa jukwaani, simu mkononi. Nilimsalimia, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika. Nilipofungua simu yangu nisome, nikakuta ameshanitoa kwenye kundi.

Mpe shemeji salamu zangu, na watoto wote uwabusu. Usiache kulikanda hilo goti.

Ni mimi mdogo wako,
Rugwiro