Mkono wa Kulia wa Mama

Chanika, Jumanne, baada ya kula

Mwanangu Zaina sasa hivi kamshika bibi yake mkono wa kulia, ule uliopooza, kauchovya kwenye ugali. "Bibi, kushoto siyo! Tunakula na huu!"

Maneno ya mama yangu mwenyewe hayo. Ndivyo alivyokuwa akimkemea Zaina kabla ya kiharusi.

Nilitaka kumchapa. Mama akacheka. Mdomo ulienda upande, lakini alicheka.

Tangu tumtoe hospitali Korogwe, Mama hali chakula vizuri. Kula kwa kushoto anaona haya, na nikimlisha na kijiko anageuza uso kama mtoto. Naogopa. Dawa za presha anameza na njaa, na amebaki mifupa.

Dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali alituambia mkono tuutumie kila siku. Mimi kwa huruma nikawa naufunika na kanga. Kumbe aliyesikia ni mtoto wa miaka mitatu.

Leo vidole vimebana tonge. Nusu limeanguka, nusu limefika mdomoni. Mama yangu jamani!

Kesho nitamsongea bada, ugali wa muhogo, maana unashikana, halafu...

Zaina anaita: "Mama, njoo! Bibi anataka tena!" Naenda, sijui kama sufuriani kumebaki ugali.